Lithiamu ipo, kipimo kiko wapi?

Katika magonjwa yote makubwa ya akili, bipola ndiyo inayoonesha kwa uwazi zaidi mahali huduma zetu zinapokwamia. Tiba yake inajulikana, ina zaidi ya miaka sabini, bei yake ni nafuu, na hata hivyo wagonjwa wengi wa Tanzania, Kenya na nchi jirani huishi miaka mingi na ugonjwa huu bila kuandikiwa dawa hiyo hata mara moja. Dawa yenyewe ni lithiamu, chumvi inayotokana na madini yaleyale ambayo leo mataifa yanayagombania kwa ajili ya betri za simu na magari. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Kwa kuwa ni elementi ya asili, hakuna kampuni inayoweza kudai kuwa ni mali yake, na kwa sababu hiyohiyo hakuna kampuni inayohangaika kuitangaza. Kinachokosekana kwetu ni kipimo cha damu kinachomwezesha daktari kuitoa bila kumdhuru mgonjwa, pamoja na utaratibu wa kumfuatilia mgonjwa huyo akishatoka wodini. Nasema kwamba hospitali zetu za rufaa zina uwezo wa kutoa vyote viwili sasa hivi, bila kusubiri teknolojia mpya wala wafadhili wapya, na kwamba kila mwaka unaopita bila kufanya hivyo unalipiwa na familia.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana unasemwa sana na kueleweka kidogo. WHO lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wanaishi na bipola. Kwa wengi huanza kati ya miaka ya mwisho ya sekondari na mwanzoni mwa miaka ya ishirini, yaani wakati ambapo familia imemaliza kulipa ada na inasubiri kijana asimame. Mgonjwa hupita katika vipindi viwili vilivyo kinyume. Katika kipindi cha kupanda, ambacho madaktari hukiita mania, hulala saa mbili au tatu kwa usiku na haoni uchovu. Maneno humtoka mfululizo, wazo hudandia wazo, na hujiona ana uwezo usio na mpaka. Anaweza kuuza shamba la ukoo kwa bei ya kutupa ili aanzishe biashara aliyoiwaza alfajiri, kuchukua mikopo ya simu kutoka kila mtandao uliokubali kumkopesha, kuamini kwamba ameteuliwa kuwa nabii, au kuingia katika mahusiano ambayo akiwa mzima asingeyataka kabisa. Hali hiyo ikidumu juma zima, au ikilazimu alazwe kabla ya hapo, ni mania kamili. Ikiwa nyepesi zaidi na ikadumu siku nne au zaidi, kwa mtu ambaye pia amewahi kupata sonona kali, huitwa bipola ya aina ya pili. Kati ya mania moja na nyingine huja kipindi cha kushuka, ambapo mtu yuleyule hushindwa kuinuka kitandani, hupoteza hamu ya kula na ya watu, na huanza kuona kifo kama njia ya kupumzika.

Ni kipindi hiki cha kushuka ambacho jamii hukisahau, na kusahau huko kuna madhara ya kitabibu. Mania ina kelele. Majirani huiona, polisi huiona, kila mtu anajua kwamba fulani amerukwa na akili. Sonona haina kelele. Huitwa uvivu, huitwa kujitenga, huitwa kurogwa. Lakini Lewis Judd na wenzake nchini Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwafuatilia wagonjwa 146 wa bipola ya aina ya kwanza kwa wastani wa karibu miaka 13, wakaona kwamba walikuwa katika sonona kwa takriban theluthi moja ya wiki zote, na katika mania kwa asilimia 9 tu. Kwa hiyo mgonjwa anayefika zahanati au kituo cha afya kwa mara ya kwanza ana uwezekano mkubwa wa kufika akiwa amezama, siyo akiwa amepanda. Mhudumu anaona huzuni na kukosa usingizi, anaandika sonona, na mara nyingi anatoa amitriptilini kwa kuwa ndiyo iliyopo na ndiyo ya bei ndogo. Kwa mgonjwa wa bipola, dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha hadi kwenye mania, na dawa za kundi la amitriptilini ndizo zinazoongoza kwa kufanya hivyo. Swali moja lingeweza kuzuia hilo: je, umewahi kupata siku kadhaa mfululizo ambazo ulilala kidogo sana na bado ukawa na nguvu kupita kawaida yako, hadi watu wakashangaa? Ni swali la nusu dakika, na ndugu aliyemsindikiza mgonjwa mara nyingi hulijibu vizuri kuliko mgonjwa mwenyewe. Wakunga nao wanapaswa kulijua, kwa sababu mwanamke mwenye bipola yuko katika hatari kubwa ya kuugua katika wiki chache baada ya kujifungua, na mengi ya yale tunayoyaita kichaa cha uzazi yana bipola ndani yake.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya, kwamba huku kwetu ugonjwa huu ni majini au uchawi. Sitawadharau wanaosema hivyo, maana mtu aliyeona kijana mpole akigeuka kuwa mtu mwingine ndani ya siku tatu ana haki ya kutafuta maelezo makubwa. Ila bipola hutembea katika damu ya ukoo kwa namna inayohesabika. Katika watu wote, takriban 1 kati ya 100 hupata bipola kali. Kwa mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja anaugua, uwezekano hupanda hadi karibu 1 kati ya 10. Hesabu hiyo huonekana popote ugonjwa huu ulikochunguzwa kwa makini, kwa watu wa dini zote na wasio na dini. Ina upande wa faraja pia, ambao wachumba na wakwe wanapaswa kuusikia: watoto tisa kati ya kumi wa mgonjwa hawataugua.

Sasa tazama namna tunavyoutibu. Safari ya kawaida huanza pale ambapo mambo yameharibika kabisa. Mgonjwa huletwa na ndugu wanne au watano, pengine akiwa amefungwa kamba, hadi Mirembe huko Dodoma, Mathari jijini Nairobi, Kidongo Chekundu kule Unguja au wodi ya hospitali ya mkoa. Huchomwa sindano ya haloperidoli au klopromazini, hulala, na baada ya wiki kadhaa huwa ametulia. Hapo wodi imefanya kazi yake, na imeifanya vizuri. Mania kali ni dharura, na dawa hizo huizima. Kisha anaruhusiwa akiwa na mfuko wa vidonge na tarehe ya kurudi. Nauli ya kurudi hakuna, vidonge vinamfanya awe mzito na mdomo umkauke, na zaidi ya yote anajisikia mzima. Baada ya miezi michache ameacha kila kitu, na baada ya muda ndugu walewale wanatafuta tena gari. Kila mzunguko unakula kitu: kazi, ndoa, muhula wa chuo, heshima mtaani. Tiba ya mania tunayo. Kinga dhidi ya mania inayofuata, na dhidi ya sonona inayofuata, ndiyo hatuitoi, na katika bipola kinga hiyo ndiyo sehemu kubwa ya matibabu.

Lithiamu ndiyo dawa ya kinga iliyothibitika kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, na historia yake inaeleza shida yetu kuliko hotuba yoyote. Mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, ambaye wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alikuwa mateka wa Wajapani kule Changi, Singapore, alichapisha ripoti kuhusu wagonjwa 10 wa mania aliowapa lithiamu. Maabara yake ilikuwa stoo ya chakula isiyotumika katika hospitali ya akili ya Bundoora, karibu na Melbourne. Alikuwa ameanza kwa simbilisi, akaona wakitulia, akajaribu dawa kwenye mwili wake mwenyewe, kisha kwa wagonjwa. Yule wa kwanza alikuwa mwanamume aliyekwisha kukaa wodini miaka kadhaa akiwa hatulii; baada ya miezi michache alirudi nyumbani na kazini. Habari hiyo ingeishia hapo ingekuwa ya kupendeza tu. Lakini mgonjwa huyo aliacha dawa, akaugua tena, akarudishiwa, na mwaka 1950 alikufa kwa sumu ya lithiamu. Cade aliacha kuitumia. Huko Marekani, mwaka uleule wa 1949, chumvi ya lithiamu ilikuwa inauzwa madukani kwa wagonjwa wa moyo badala ya chumvi ya kawaida, bila kiasi na bila kipimo, na watu walikufa. Iliondolewa sokoni, na ilichukua hadi mwaka 1970 kwa mamlaka ya dawa ya Marekani kuiruhusu itumike kutibu mania.

Kilichoiokoa dawa hii ni kipimo. Kule Melbourne, Edward Trautner na wenzake walianza kupima kiasi cha lithiamu katika damu kwa kifaa kinachosoma rangi ya mwali wa moto, wakaonesha kwamba ipo nafasi kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru, na kwamba nafasi hiyo inaweza kulindwa. Nchini Denmark, Mogens Schou alifanya jaribio lenye kundi la kulinganishia mwaka 1954, na baadaye yeye na Poul Christian Baastrup wakaonesha kwamba wanaoendelea kumeza lithiamu hupata vipindi vichache zaidi vya ugonjwa, vya kupanda na vya kushuka. Lithiamu iliyoua mwaka 1950 ndiyo hiyohiyo inayotumika leo. Tofauti iliyopo ni kwamba sasa inapimwa. Sisi, kwa upande wetu, tumebaki pale Cade alipoishia: tunaiogopa, kwa sababu hatuipimi.

Ushahidi wa baadaye umezidi kuipa nguvu hoja hii. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioitwa BALANCE, uliohusisha wagonjwa 330 na kulinganisha lithiamu, valproeti na dawa zote mbili kwa pamoja. Waliopata lithiamu, peke yake au pamoja na valproeti, waliugua tena kwa uchache kuliko waliopata valproeti peke yake. Mwaka 2013 uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, uliona kwamba lithiamu ilipunguza vifo vya kujiua kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa. Haki inataka niseme kwamba utafiti mkubwa wa baadaye kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani, ambao wengi wao walikuwa na matatizo mengine mengi juu ya ugonjwa wa hisia, haukuiona faida hiyo lithiamu ilipoongezwa juu ya tiba ya kawaida. Hata tukiuweka utafiti huo mezani, hoja ya kuzuia vipindi vya ugonjwa haitikisiki.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama, na halistahili kujibiwa kwa haraka. Lithiamu ni dawa yenye nafasi nyembamba. Kwa kinga, kiwango kinachotakiwa katika damu ni kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita. Kikipita 1.5 dalili za sumu huanza: mikono kutetemeka kwa nguvu, kuharisha, kutapika, kuyumba, ulimi kuwa mzito. Kikipita 2.0 maisha yako hatarini. Mwili huitoa lithiamu kupitia figo, na figo huichukulia kama sodiamu. Mwili ukipungukiwa maji au chumvi, figo huishikilia sodiamu na kuishikilia lithiamu pamoja nayo. Kwa hiyo joto la Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari, kuharisha kwa siku mbili, na kazi ya jua kali bila maji ya kutosha ni mambo yanayobadilisha kipimo. Vivyo hivyo diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu zinazouzwa katika kila duka la dawa bila cheti, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Mgonjwa anayetaka kufunga Ramadhani anapaswa kuzungumza na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, damu ipimwe na dozi ipangwe upya, na akiambiwa asifunge ajue kwamba dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo. Baada ya miaka mingi dawa inaweza pia kupunguza kazi ya figo na ya tezi ya shingo. Haya yote ni kweli, na yeyote anayetaka lithiamu itumike zaidi lazima ayaseme kwa sauti.

Lakini angalia hatari hizi zinadai nini. Zinadai damu ichukuliwe asubuhi, saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kabla mgonjwa hajameza nyingine. Aliyemeza saa tatu usiku atolewe damu saa tatu asubuhi. Zinadai fundi wa maabara asitumie ile chupa ya kifuniko cha kijani, ambayo mara nyingi imewekewa heparini ya lithiamu ili damu isigande, maana itampa mgonjwa majibu ya juu yasiyo yake. Kosa hilo dogo limewahi kuwatia madaktari hofu bure sehemu nyingi duniani. Zinadai kipimo kila wiki mwanzoni hadi kiwango kitulie, kisha kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, na baada ya hapo kila miezi sita kwa aliyetulia, pamoja na kuangalia figo na tezi. Kisha zinadai kadi ya mfukoni, iliyoandikwa kwa Kiswahili, inayomwambia mgonjwa na muuza dawa ni vidonge gani vya maumivu viepukwe na ni dalili zipi za kukimbilia hospitali. Hospitali inayopima sodiamu, potasiamu na kreatinini kila siku haijaombwa muujiza hapa. Mashine za kupima chumvi za damu zipo zenye sehemu ya lithiamu, na vipo vitendanishi vinavyotumika katika mashine za kawaida za biokemia.

Isitoshe, kutotumia lithiamu hakumwachi mgonjwa salama. Pale inapokosekana, nafasi yake huchukuliwa na dawa za kifafa, kabamazepini na valproeti, kwa kuwa zipo na hazidai kipimo kigumu. Valproeti ni dawa nzuri ya mania, na kwa mwanamume mtu mzima inaweza kuwa chaguo la busara. Kwa msichana wa miaka 22 ni jambo jingine kabisa. Mwanamke akiimeza wakati wa ujauzito, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro kubwa ya viungo, ikiwemo mgongo wazi, na kati ya watoto 30 na 40 katika kila 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili na kujifunza. Madhara hayo huanza katika wiki za mwanzo, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Lithiamu nayo si salama kabisa kwa mimba, huongeza kwa kiasi fulani hatari ya kasoro za moyo, ila ukubwa wa hatari haulingani. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Tunajiona waangalifu kwa kuikwepa dawa inayohitaji kipimo, huku tukiwapa wasichana wetu ile inayodhuru watoto bila kipimo chochote kutuonya. Kama ipo sababu moja inayotosha peke yake kuleta kipimo cha lithiamu katika kila hospitali yenye kliniki ya akili, ni hii.

Watu wa bajeti watasema nchi maskini haiwezi kujenga ufuatiliaji wa maisha yote kwa ajili ya ugonjwa wa watu wachache. Nchi hizihizi zimekwisha kuujenga. Kwa miaka mingi sampuli za damu za watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi zimekuwa zikisafiri kutoka vituo vya vijijini hadi maabara kubwa, wingi wa virusi ukipimwa, majibu yakirudi, na asiyekuja kliniki akitafutwa na mhudumu wa jamii. Yale masanduku ya sampuli yanaweza kubeba chupa nyingine, na wanaohitaji kupimwa lithiamu ni sehemu ndogo sana ukilinganisha nao. Fedha za nje zilizojenga mfumo ule zinayumba, hilo linajulikana, na ni sababu nyingine ya kuutumia kwa magonjwa mengi badala ya kuuacha usimame kwa ajili ya moja. Na gharama ya kutopima ipo, ila haiandikwi katika kitabu cha hospitali: siku za kitanda wodini, gari la kukodi usiku, shamba lililouzwa, mshahara wa ndugu aliyeacha kazi ili amlinde mgonjwa.

Kuna pingamizi la tatu, linalosemwa kwa sauti ya chini: wagonjwa wetu hawatameza dawa maisha yao yote. Maneno haya yana historia mbaya. Mwaka 2001 Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, alidai kwamba Waafrika wengi hawaijui saa, na kwa hiyo dawa za kufubaza virusi zisingewafaa. Leo mamilioni ya Waafrika wanazimeza kila siku kwa wakati. Ni kweli kwamba bipola ina ugumu wake. Mtu aliyepanda hajioni mgonjwa, na baadhi hukiri kwamba wanaikumbuka mania kwa hamu, ile kasi na ile raha ya kujiamini. Mikono kutetemeka kidogo, kiu, kukojoa mara kwa mara na kuongezeka uzito ni kero za kweli ambazo daktari asizipuuze, maana dozi inaweza kurekebishwa. Tena lithiamu ikiachwa ghafla, mania huweza kurudi ndani ya miezi michache kwa nguvu kubwa. Anayetaka kuiacha apunguziwe taratibu. Yote haya yanafundishika. Huko Barcelona, Francesc Colom, Eduard Vieta na wenzao walichukua wagonjwa 120 waliokuwa wametulia na wanaendelea na dawa zao, nusu yao wakapewa mafunzo ya vikundi ya vipindi 21: kuujua ugonjwa, kulinda usingizi, kutambua dalili za mapema, kuepuka pombe na dawa za kulevya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na hata miaka mitano baadaye waliofundishwa walikuwa wameugua mara chache zaidi. Mafunzo ya aina hiyo hayahitaji mashine. Muuguzi wa akili, chumba chenye mabenchi na ratiba isiyovunjwa vinatosha kuanzia.

Ndani ya mafunzo hayo wapo pia viongozi wa dini na waganga, watake wasitake, kwa sababu wao ndio wanaofikiwa kwanza. Kumwombea mgonjwa hakupingani na kidonge. Kumwambia aache kidonge ili kuthibitisha imani yake kunaua, na hapo sheikh, mchungaji na mganga wanapaswa kuambiwa ukweli bila kumung'unya maneno. Vivyo hivyo kumfunga mnyororo, kumshindisha njaa na kumkesha usiku kucha: kukosa usingizi ni miongoni mwa vitu vinavyowasha mania haraka kuliko vyote, kwa hiyo mkesha wa kumtoa pepo mtu mwenye bipola unaweza kumzidishia ugonjwa uleule uliokusudiwa kutolewa.

Sidai kwamba lithiamu inamfaa kila mtu. Takriban theluthi moja ya wagonjwa huitikia vizuri sana, wengine hupata nafuu ya sehemu, wengine haiwasaidii. Mwenye figo mbovu asipewe. Anayeishi mahali ambapo kliniki iko mbali kiasi cha kutoweza kurudi hata mara mbili kwa mwaka ni bora apewe dawa nyingine, kama vile olanzapini au kwetiapini, ambazo nazo zina kinga. Lamotrijini ni msaada kwa wale ambao sonona ndiyo inayowatesa zaidi. Daktari mzuri huchagua. Tatizo ni kwamba daktari wa Kigoma au Garissa ambaye hospitali yake haina kipimo hana cha kuchagua. Ameshachaguliwa na maabara.

Kazi ya kufanya inajulikana, na haianzii kila zahanati. Ianzie hospitali za rufaa ambazo tayari zina kliniki ya akili na maabara ya biokemia. Bohari ya Dawa kwa Tanzania, na KEMSA kwa Kenya, ziagize vidonge pamoja na vitendanishi vya kupimia, katika oda moja, ili kimoja kisifike bila kingine. Mafundi wa maabara wafundishwe kuhusu saa 12 na kuhusu chupa ya kijani. Bima ya afya ikilipe kipimo hiki kama inavyolipa kipimo cha sukari. Hakuna msichana aandikiwe valproeti kwa ajili ya bipola bila kuelezwa habari za mimba kwa lugha anayoielewa, na bila kuulizwa kuhusu uzazi wa mpango. Kisha kila hospitali yenye wodi ya akili itoe hadharani, mwisho wa mwaka, idadi ya wagonjwa wa bipola iliowalaza, na ni wangapi kati yao walikuwa wamekwisha kulazwa ndani ya miezi 12 iliyotangulia, ili wabunge na madiwani wanaopitisha bajeti ya afya waione hesabu hiyo kabla ya kuipigia kura.